Siku Kijiji Kilipoacha Kunisalimia

Nilidhani nimekufa.

Simtanii mtu. Nilisimama pale mwaloni, mahali mitumbwi inapoegeshwa, begi kichwani, jua kali la mchana, nikasalimia watu na hakuna hata mmoja aliyeitika.

Wa kwanza alikuwa mama muuza dagaa, ambaye siku zote huniita kutoka mbali kabla mimi sijamwona.

"Mwadila, mayu!" nikamwambia.

Akainama. Akaendelea kugeuza dagaa wake mchangani.

Nikasema labda upepo umechukua sauti. Nikamsalimia fundi nyavu, mtu wa porojo kuliko wote kijijini. Akanitazama, akatazama ziwa, akarudi kwenye nyavu zake.

Halafu akapita mtoto wa shule, mtoto wa jirani yangu kabisa. Akanipita bila shikamoo.

Kwetu Usukumani mtoto anaweza kukosa shati, lakini shikamoo hakosi.

Basi lililonitoa Shinyanga lilikuwa limepasuka tairi njiani. Tuliyumba, tukashuka, tukasubiri, tukapanda tena. Sasa nikaanza kujiuliza: hivi kweli tulipanda tena? Au wenzangu wanazikwa saa hizi, na mimi nimekuja kuzurura kijijini bila kujijua?

Nikajifinya mkono. Nikaumia.

Basi kama nipo hai, nimewakosea nini watu hawa?

Ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Mimi naitwa Mbuke. Nimezaliwa Ngokolo, pale Shinyanga mjini, nikaolewa Nyakasenga, kijiji cha kando ya ziwa upande wa Geita. Hii ni katikati ya miaka ya tisini. Simu za mkononi hatuzijui, na Geita yenyewe bado tunaihesabu kuwa Mwanza.

Mume wangu Maige alifariki mapema. Akaniachia kipande cha ufukwe, ng'ombe wachache, na dada yake anaitwa Limi.

Huyo Limi mkumbukeni. Ni wifi yangu.

Baada ya msiba nilijipachika kofia tatu, na kichwa kikiwa kimoja.

Kofia ya kwanza ilikuwa vibanda vya wageni. Nilivijenga pale ufukweni kwa udongo na nyasi. Sikutaka bati, sikutaka jenereta, na sikukata mti hata mmoja. Maji ya kuogea yalikwenda kwenye migomba, choo kilikuwa cha kumwagia majivu na hakikunuka. Walikuja watu wanaopenda kuangalia ndege, watu wa miradi, na mapadri waliochoka na waumini wao.

Kijiji kizima kilinicheka. Ngassa, mtemi wetu wa sungusungu, wale walinzi wa kijiji, alikuwa hapiti bila kunitania.

"Mbuke, sisi tunauza ng'ombe tupate bati. Wewe unawatoza wazungu walale kwenye nyasi! Utafungwa wewe."

Kofia ya pili ilikuwa kuandika. Nilikuwa na hadithi ya mfululizo kwenye gazeti moja la kila wiki. Niliandika alfajiri kabla wageni hawajaamka, na mchana nikiibia ibia.

Kofia ya tatu ilikuwa ukatibu wa kamati ya mazingira ya kijiji. Hiyo ndiyo iliyonipa maadui. Nilitoka Shinyanga na maarifa ya ngitili, yaani mnafunga eneo, hakuna kuchunga, hakuna kukata kuni, mpaka nyasi na miti virudi. Tukaufunga mteremko wote ulio nyuma ya ufukwe. Nyasi zikarudi. Migunga ikarudi. Ndege wakarudi, na nyuma ya ndege wakaja wageni.

Bila ngitili ile mimi sina nyasi za kuezekea, sina kivuli, sina maji safi. Bila ngitili sina vibanda. Hilo mlishike.

Ngassa mwenyewe tulimpiga faini kwa mbuzi wake kuingia mle. Mimi ndiye niliyesoma uamuzi, yeye akiwa amekaa mbele yangu na mkuki wake wa usungusungu. Unaambiwa alinitazama mpaka nikasoma mstari mmoja mara mbili.

Kofia tatu hizo ziligongana kila siku. Niliandika hadithi nikiwa kikaoni, nikajibu mambo ya kamati nikiwa jikoni, na wageni niliwapokea na wino vidoleni. Kuna padri mmoja nilimpelekea chai ya chumvi kwa sababu asubuhi ile shujaa wangu alikuwa anakata roho.

Aliyeniokoa ni Limi.

Alifua mashuka, alipika, alipokea wageni nikiwa kamatini. Na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kusoma.

Gazeti lilikuwa linakuja nakala moja tu, kwenye pikapu ya Riyaz, mwenye duka pale Geita mjini aliyekuwa ananiletea mahitaji na mara nyingine wageni. Siku ya gulio Limi analichukua, anakaa juu ya gunia la mpunga, anawasomea watu hadithi yangu. Wengi pale kusoma hawajui, na wanaojua wanasoma kwa kufuata kidole.

Jamani, Limi alijua kusoma! Akifika penye kilio analia. Akifika penye mwanamume mlevi analewa. Na alikuwa anatia chumvi. Mimi naandika kwamba mzee alikohoa, yeye anasema mzee alikohoa mpaka jino likamtoka likaangukia kwenye mchuzi. Watu hoi.

Nilikuwa nasimama kwa nyuma nacheka. Nikamwambia siku moja, "Wifi, ile ya jino ilikuwa nzuri kuliko yangu."

Akatabasamu tu.

Sasa siku moja Limi alikwenda kukata nyasi za kuezekea kwenye ngitili, akaokota jiwe chini ya mzizi wa mgunga. Jiwe lina mishipa inayong'aa.

Mtu wa Geita haulizi hiyo ni nini.

Akalileta kamatini. Tukakaa na sungusungu, milango imefungwa. Kila mmoja alikuwa ameona kijiji kilichopata rashi: watu wanamiminika na sururu, maduara, yaani mashimo ya dhahabu, yanachimbwa kila mahali, miti inaisha, zebaki inamwagwa kwenye maji, halafu siku wanayosikia dhahabu imetoka kwingine wanahama wanakuachia mashimo. Tukakubaliana jiwe lirudi ardhini na midomo ifungwe. Tukaapa wote, Limi naye akiwemo.

Ngassa akasema, "Atakayetoa siri hii, kijiji hakimjui."

Muda si mrefu nikaletewa habari kwamba mama yangu ni mgonjwa huko Ngokolo. Nikaondoka. Vibanda nikamwachia Limi. Hadithi nilikuwa nimeshatuma sura kadhaa mbele, gazeti likija nikamwambia asome kama kawaida.

Mama alipopata nafuu nikarudi. Ndiyo hiyo siku niliyodhani nimekufa.

Kutoka mwaloni kwenda kwangu unapita chini ya ngitili. Nikainua macho.

Hapakuwa na ngitili.

Kulikuwa na maturubai ya bluu, moshi, redio inapiga muziki, na wanaume vifua wazi wanatoka ardhini wakiwa weupe kwa vumbi. Migunga ilikuwa imelazwa chini inakatwa nguzo za kushikilia maduara. Palipokuwa pametaga korongo, mama ntilie alikuwa anakaanga maandazi.

Nilikaa chini njiani, na begi langu, nikalia kama mtoto.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Bujiku amesimama nje. Huyu ni mjumbe wa sungusungu, kijana mpole, mimi ndiye niliyemtafutia mke. Nikamsalimia. Akageuka upande, akamtazama mbuzi wangu aliyefungwa kwenye kigingi.

"Wewe mbuzi," akasema kwa sauti kubwa, "mwambie mwenye nyumba hii kwamba ametengwa. Asisalimiwe, asiuziwe kitu, asipewe moto wala chumvi. Akifiwa asizikiwe. Ametoa siri ya kiapo, ametuletea mashimo."

"Bujiku! Mimi nipo hapa! Niambie mimi!"

Akahangaika, maskini. Akamwinamia mbuzi zaidi.

"Mwambie nimemsikia, ila sheria ni sheria. Na mwambie pole na mgonjwa wa Shinyanga."

Akaondoka mbio.

Alfajiri ya siku iliyofuata mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa Limi, amebeba kijinga cha moto na chumvi kwenye jani. Nikamkumbatia. Baada ya siku nzima ya kuwa mzuka, mtu ananigusa!

"Wifi," akasema huku machozi yanamtoka, "kwa nini uliandika vile?"

"Vipi?"

"Kwenye gazeti. Nilikuwa nasoma vizuri, yule binti anatoroka kwa mtumbwi, mara ikaja habari ya kijiji cha ziwani chenye ngitili, na jiwe linalong'aa chini ya mgunga. Nikajikuta nimeshalisoma mbele ya gulio zima. Wiki haikuisha, wachimbaji hawa hapa."

"Limi, sikuandika kitu kama hicho! Ningeandikaje?"

Akafikiri.

"Basi labda mhariri kaongeza. Wana tabia hiyo, si uliniambia mwenyewe?"

Kweli nilimwambia. Mhariri yule alishawahi kumfufua mtu niliyemuua na kumwozesha, eti wasomaji wamempenda. Lakini mhariri wa Dar es Salaam angejuaje jiwe la Nyakasenga? Swali hilo lilinijia. Na Limi alikuwa na jibu kabla sijalitoa.

"Labda uliwahi kuligusia kwenye sura nyingine bila kujua. Wewe unaandika ukiwa na usingizi, wifi. Kazi zimekuzidi."

Hapo alinipata. Kazi zilikuwa zimenizidi kweli. Mtu aliyempa padri chai ya chumvi ataapaje juu ya alichoandika alfajiri?

"Gazeti liko wapi nilione?"

"Wavuta tumbaku wameshaligawana. Unajua gazeti hapa halilali."

"Niapie, Limi. Ulisoma kilichoandikwa?"

"Naapa kwa kaburi la kaka yangu."

Kaburi la Maige lilikuwa pale pale, unaliona ukiwa mlangoni. Nikamwamini. Nani asingemwamini?

Kutengwa usimwombee hata adui yako. Watu hawakupigi wala hawakutukani. Wanakupita tu. Ukienda dukani mwenye duka anaanza kufagia. Ukienda kisimani wanawake wanaondoka na ndoo tupu wasichote na wewe. Riyaz naye alionywa kwamba akileta mzigo wangu tena, kijiji kizima kitasusa duka lake, na mtu wa biashara afanye nini? Alisimamisha pikapu mbali, akanipungia mkono mara moja, akageuza gari.

Kila alfajiri Limi alikuja na moto. Akisha kukoka jiko langu tunakaa, ananipa habari, ananifuta machozi. Nilimwambia, "Wifi, Mungu atakulipa." Nilimwambia mara nyingi.

Siku moja akaja na wazo.

"Wageni wakija hawapati samaki wala mtu wa kuwachotea maji. Vibanda vitaoza. Niachie mimi mbele ya watu, nivisimamie mpaka haya yaishe. Mimi sijatengwa."

Nikaona ana akili. Nikamkabidhi funguo.

Baada ya siku chache nikasikia mlio ufukweni. Nikatoka nje nikisikiliza, nisiamini masikio yangu.

Jenereta. Kwenye vibanda vyangu.

Kesho yake nikamuuliza. Akasema kuna broka wa dhahabu anaitwa Davis amevipangisha kwa ajili ya watu wake, ni wastaarabu, na ni kwa muda tu. "Ama unataka vikae vitupu, wifi?"

Nikaingia ndani nikafunga mlango. Kalamu nayo nikaiweka. Nilimchukia yule mhariri, nikaichukia hadithi yangu, nikajichukia na mimi. Kofia zote tatu zikawa zimeanguka: kamati imenifukuza, kuandika siwezi, vibanda vina jenereta.

Kilichonivunja kabisa ni mbuzi. Asubuhi moja nilitoka nje nikasema, "Mwangaluka," halafu nikashtuka kwamba namsalimia mbuzi, na nimesimama nasubiri aitikie.

Siku hiyo hiyo nikamwona Bujiku anapita. Nikamwambia mbuzi kwa sauti kubwa, "Mwambie mjumbe nataka kurudi. Nakubali kosa. Nitatoa ng'ombe."

Nikakubali kosa nisilolifanya kwa sababu nilitaka kusalimiwa. Ukinicheka ujue hujawahi kupitwa.

Pale Nyakasenga aliyetengwa anarudi kwa chakula. Unachinja, unasonga ugali, kijiji kizima kinakuja kinakula kwako, na mtu akishameza tonge lako amekurudisha. Lazima wale wote. Na wazee wa pale wana imani yao: mtu anayejua kwamba amekusingizia hawezi kula chakula chako cha kurudi. Akila tumbo litavimba na halitapona. Ndiyo maana sungusungu hukaa pembeni wanaangalia mikono ya watu.

Nilichinja dume la Maige, ng'ombe wa mwisho wa marehemu. Limi ndiye aliyenisaidia kupika. Alipika kwa bidii, jasho linamtiririka.

Watu wakaja mchana, wakakaa makundi makundi. Mimi nikala tonge la kwanza kama desturi ilivyo, nikawakaribisha.

Macho yangu yote yalikuwa kwa Ngassa. Nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba yeye anajua kitu, labda ndiye aliyewaita wachimbaji akanibebesha mimi. Faini ya mbuzi ilikuwa haijamtoka rohoni. Nikasema moyoni, leo nakukamata, mzee.

Ngassa akanawa. Akakata tonge kubwa, akachovya, akala. Akakata lingine. Akavunja mfupa akanyonya uboho, akaomba aongezwe mchuzi. Mwisho akalamba vidole kimoja kimoja.

"Wabeja, Mbuke," akaniambia, yaani asante. Neno la kwanza kuambiwa na mtu mbele za watu tangu nirudi. Nikalia palepale.

Watu wakaanza kucheka, wanasema karibu tena, karibu tena. Mama wa dagaa akaniita jina langu.

Ngassa akageuka.

"Na wewe mgawaji, keti ule. Unatuhudumia tangu tumefika."

Alikuwa anamwambia Limi.

Limi alikuwa amezunguka na bakuli muda wote, anajaza huyu, anamwongeza yule. Hakuna aliyeona kwamba hajakaa.

"Nitakula baadaye, baba."

"Baadaye ya nini? Keti."

Akaketi. Akanawa. Akakata tonge. Akachovya. Mkono ukapanda mpaka karibu na mdomo.

Ukasimama hapo.

Halafu ukashuka. Akalirudisha tonge sahanini, taratibu, akalilaza pembeni.

"Tumbo linanisumbua," akasema.

"Tangu lini?" mke wa Ngassa akauliza. "Asubuhi si umekunywa uji kwangu ukaomba na mwingine?"

Watu wakaacha kutafuna.

Na mimi, mjinga mimi, nikasimama kumtetea.

"Mwacheni wifi yangu! Ninyi wote mlipita kwangu kama mnapita kaburini. Huyu peke yake ndiye aliyekuwa ananiletea moto kila alfajiri!"

Ngassa akanitazama. Akamtazama Limi.

"Moto? Wewe ndiye uliyesimama kikaoni ukalia kwamba atengwe, ukasema ingawa ni wifi yako hutavuka kizingiti chake. Halafu ukampelekea moto?"

Sikujua kwamba Limi alisimama kikaoni. Alikuwa ameniambia hakwenda.

"Limi," Ngassa akasema pole pole, "ile habari ya jiwe, uliisoma kwenye gazeti au uliisoma kichwani mwako?"

Limi akaanza kukusanya bakuli.

"Kama ulisoma gazetini, kula. Tonge moja tu. Sisi tuondoke."

Akalitazama lile tonge. Unajua, lilikuwa tonge dogo, la mtoto. Mtu mwingine angelimeza akaenda kutapika nyuma ya nyumba. Angekuwa mtu wa mjini angekula sahani nzima na kunishinda. Lakini Limi amezaliwa Nyakasenga. Alikuwa na ujasiri wa kuvunja kiapo na kuapa kwa kaburi la ndugu yake, ila tonge la kurudi lilimshinda.

"Haikuwepo," akasema.

"Sema wasikie."

"Haikuwepo gazetini! Nilitunga mimi!" Akasimama, na sauti yake ikawa ile ya juu ya gunia la mpunga. "Jiwe nililiokota mimi! Kwenye ardhi ya baba yangu! Mkaniambia nifunge mdomo kwa ajili ya nyasi. Nyasi! Kaka yangu amekufa, ufukwe umechukuliwa na mwanamke wa Shinyanga, awalaze humo wazungu wanaoangalia ndege, na mimi niwafulie mashuka. Davis aliniahidi duara langu mwenyewe. Nimwambie Davis halafu mnitenge mimi? Nikatafuta wa kubeba lawama."

Akanigeukia.

"Na zile hadithi zako. Mimi ndiye niliyewachekesha hawa. Mimi ndiye niliyewaliza. Wananililia mimi, wananishika mkono mimi, halafu wakiinuka wanasema, Mbuke anajua kuandika. Sikia, wifi: siku ile ya jiwe ndiyo siku pekee niliyosoma hadithi yangu."

Nilikuwa na maneno mengi. Mwandishi mzima! Likanitoka moja tu.

"Uliapa kwa kaburi la Maige."

"Ni kaka yangu," akasema. "Mimi atanisamehe."

Sikuwahi kuumia vile, hata siku tuliyomzika Maige. Mtu akifa unajua amekwenda. Huyu alikuwa amesimama mbele yangu na nguo niliyomshonea mimi, na mtu niliyempenda hayumo ndani yake, labda hakuwahi kuwemo.

Limi akatengwa siku hiyo hiyo, kabla sufuria hazijaoshwa. Bujiku hakuwa na mbuzi wa kumwambia, akaiambia miti.

Mngependa niseme kila kitu kilirudi. Hakikurudi. Duara la Limi halikutoa kitu. Ngitili nzima ilitoa dhahabu ya kugombania miezi michache, halafu ikasikika rashi kwingine, na asubuhi moja maturubai yakafungwa. Davis aliondoka na jenereta lake, bila hata kumuaga Limi. Vibanda vyangu walikuwa wameshavikata nguzo wakafanya kuni. Mvua ya kwanza ilishusha udongo wote wa mteremko ufukweni, na nikawa na tope mahali nilipokuwa na mchanga.

Nilianza upya na kibanda kimoja. Kamati ilinirudisha, tukaufunga mteremko upya, na aliyesimama kusema nirudi alikuwa Ngassa. Mbuzi wake wameingia ngitili mara mbili tangu hapo, na faini amelipa huku ananitukana.

Mhariri alikuja kuniandikia kwamba alikuwa ananitafuta muda wote, anashangaa kwa nini nimenyamaza. Hakuwa ameongeza hata nukta.

Sasa kuna jambo moja la mwisho.

Limi alikuwa anakaa nyumba ya mwisho ya kijiji, upande wa majabali. Asubuhi moja ya baridi, mvua imenyesha, nikaona paa lake halitoi moshi. Nikajua hana moto. Nikakumbuka mlango wangu wa nyuma, na ile chumvi kwenye jani.

Nikachukua kijinga jikoni kwangu. Nikatoka nacho, nakikinga kwa kanga kisizimike. Nikapita mwaloni. Nikafika mahali unapoanza kuona mlango wake.

Nikasimama pale na swali ambalo mpaka leo sina jibu lake. Ule moto aliokuwa ananiletea ulikuwa wa huruma? Au alikuwa anakuja kuangalia kama nimeshaanza kumshuku?

Ningejua ulikuwa wa huruma, ningemaliza njia.

Nikakitupa kijinga ziwani. Kikalia chwiii, kikazima. Nikarudi nyumbani nikaandika mpaka jioni.

Mwezi ule ule Limi alihama, na hakuna aliyejua alikokwenda. Kama yupo hai na anasoma hapa mtandaoni, basi na asome. Safari hii asome kilichoandikwa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi wangu nilimjua siku aliposhindwa kula.

Mwenye kazi nyingi atagawa tu, hakuna namna. Gawa mikono, gawa miguu, gawa hata funguo kama umeshikwa. Kinywa chako usigawe. Siku hizi gulio likifika nakaa mwenyewe juu ya gunia. Sina sauti ya Limi, watu wanasinzia, na wengine wananiambia usoni kwamba zamani zilikuwa tamu zaidi.

Wako sahihi. Zilikuwa tamu zaidi. Lakini hii ya leo nimeiandika mwenyewe na nimeisoma mwenyewe kwa sauti kabla ya kuiweka hapa, na kama ina chumvi, chumvi hiyo ni yangu.